Mmechomoa faili kubwa mkaacha vipande 41, sasa kosa ni langu na salio hamlipi!

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia.

Nina steshenari ndogo hapa Mwanjelwa, Mbeya. Mwaka jana ofisi moja, jina naliacha, ilinipa kazi ya vijitabu vitatu vya wakulima: viazi mviringo, parachichi na kahawa. Walileta mafaili yaliyovurugika kabisa. Kila mtaalamu na lake, kila mmoja kakopi kwa mwenzake kisha kabadilisha neno hapa na pale. Maelezo ya kupima dawa ya kupulizia niliyakuta yameandikwa mara tano, na hayakufanana.

Nikaona nikiyaunganisha kwa kukopi na kupesti, kosa moja nitalirekebisha mara tano na la sita litanipita. Kila habari nikaitenga kwenye faili lake dogo: kuvaa kinga, kupima dawa, kuosha bomba la kupulizia, kutupa makopo. Yakafika 41. Kila kijitabu kikawa faili kubwa moja ambalo ndani yake kuna fildi za INCLUDETEXT, yaani maagizo ya programu ya Word yanayoita maandishi ya vile vipande kutoka kwenye mafaili yao. Ukisahihisha kipande, unafungua kila kijitabu, unabonyeza Ctrl+A kisha F9, sahihisho linaingia. Ile dokumenti mama (master document), njia nyingine ya Word ya kuunganisha mafaili, sikuigusa. Waliokaa nayo muda mrefu wanaikimbia, maana ikiharibika inaweza kuondoka na vipande vyake.

Msidhani ni kazi ya kubonyeza tu. Staili, yaani mpangilio wa fonti na nafasi uliopewa jina, ikiwa na jina moja kwenye kipande na kwenye faili kubwa, inayoshinda ni ya faili kubwa, kwa hiyo kipande ulichokipanga vizuri kinaingia na fonti nyingine na nafasi nyingine. Siku tatu nilipigana na vichwa vya habari peke yake, mpaka nikafuta staili zote za wataalamu na kuanza na seti moja.

Katikati ya kazi nikaona jambo. Kipimo cha dawa kilikuwa cha bomba la lita 20, wakati wakulima wanaokusudiwa wanabeba mgongoni la lita 16. Ukiweka dawa ya lita 20 ndani ya lita 16, inazidi kwa robo nzima! Nikampigia mtaalamu wao, akakubali, akanipa kipimo kipya. Nikafungua kipande kimoja, nikasahihisha mstari mmoja, F9, vijitabu vyote vitatu vikakaa sawa. Nilifurahi siku ile, nakiri.

Nikawakabidhi folda nzima na karatasi niliyoiandika kwa kalamu nyekundu: MSITENGANISHE MAFAILI HAYA. Fildi inashika njia yote ya faili, yaani mahali hasa kipande kilipo kwenye kompyuta, kuanzia herufi ya diski. Nilimwonesha kijana wao kwa macho yake jinsi ya kuiweka kwenye kompyuta ya ofisi.

Wamefanya nini? Wamechukua faili kubwa la viazi peke yake, wakalitia kwenye flashi, wakapeleka kwa mchapaji. Kulifungua, linaonekana zima, kwa sababu fildi hubaki na maandishi ya mara ya mwisho hadi uiambie isome upya. Mtu akaona orodha ya yaliyomo ina namba za kurasa zilizopitwa, akachagua yote, akabonyeza F9. Vipande havipo! Kila mahali palipokuwa na maelezo pakatokea mstari mmoja wa kosa, herufi nene. Nikapigiwa simu ya matusi kwamba nimewauzia kazi mbovu.

Nikawaambia nisubirini, naja na folda, nusu saa tu. Hawakusubiri. Walikwenda kwenye barua pepe wakachomoa nakala niliyowatumia mwanzoni, kabla ya sahihisho. Ile nilikuwa nimekata viungo vyake kwa Ctrl+Shift+F9 ili ifunguke popote, na jina lake ni KUSOMA TU. Viungo vikishakatwa hivyo, hata ukisahihisha kipande mara mia, nakala ile haisikii. Wakachapa nakala 300 kutoka hiyo hiyo, na lita 20 yake.

Sasa vijitabu vimeshapelekwa Umalila, mkulima mmoja kaja kuuliza mbona kipimo si alichoambiwa kwenye mafunzo, na ofisi inasema kosa ni la mimi mwenye steshenari wa Mwanjelwa. Salio langu la shilingi 180,000 wamelizuia "hadi suala lichunguzwe". Kichunguzwe kitu gani? Barua pepe ina tarehe, folda ina tarehe, mtaalamu aliyenipa kipimo kipya yupo na simu yake inapatikana.

Hela nitaidai, hilo niachieni. Kinachonikosesha usingizi ni ile robo. Mtu anabeba bomba mgongoni asubuhi na baridi yote ile, kaamini maandishi, na mimi nilishayasahihisha!

Walioko Umalila au wenye ndugu huko: kijitabu cha viazi chenye jalada la kijani, ukurasa wa 14. Ukiona imeandikwa lita 20, kipimo hicho si cha bomba lako la lita 16. Usikitumie. Njoo dukani Mwanjelwa, ukurasa sahihi nakuprintia bure.