Upepo kiduchu, marafiki watatu, na boya linalotembea: nilikosea wapi?

Mgeni wa Matanga:
Habari zenu wakuu. Nina mwaka mmoja tu kwenye mambo ya matanga, kwa hiyo msinicheke sana (kidogo ruksa).

Jumamosi nilitoka na marafiki watatu kwa mashua ya futi 22, tanga kubwa na la mbele. Safari ya kujinyoosha tu: twende kisiwani, tuogelee, turudi kabla ya giza. Upepo ulikuwa kama maili 4 za baharini kwa saa, maji yametulia kama ya beseni. Kisiwa kiko upande upepo unakotoka, basi nikaielekeza omo (pua ya mashua) karibu na upepo kadiri nilivyoweza na kukaza kamba zote hadi tanga likawa bapa kama ubao.

Saa nne na nusu tukalipita boya jekundu. Stori zikanoga. Saa tano na robo nainua macho: boya lile lile, ubavuni, linatutangulia! Na maji yanapasuka pale omoni, ungeapa tunakwenda. Rafiki mmoja akauliza, "Hivi boya huwa linatembea?" Nikamjibu mengine hutembea.

Tukaishia kuwasha mashine. Nilikosea wapi, au ndivyo upepo mdogo ulivyo? Usiku wa kuamkia siku hiyo mwezi ulikuwa mpevu, kama inasaidia.

Mshika Usukani:
Inasaidia mno, mdogo wangu. Mwezi mpevu ni bamvua. Maji yanajaa sana na kupwa sana, kwa hiyo mkondo una nguvu kuliko siku za maji mafu. Mlipolipita boya mara ya kwanza maji yalikuwa bado hayajashika kasi, kisha yakawageukia. Mashua inakwenda maili 1 na nusu, mkondo unarudisha 2: omoni mnaona povu, kumbe mnarudi kinyumenyume. Siku kama hiyo usitazame maji, tazama nchi kavu. Chagua mti na jiwe lililo nyuma yake uone vinaachana vipi. Na ukishindwa, tia nanga, mwogelee hapo hapo. Kutia nanga si aibu.

Sasa tanga. Kukaza hadi likawa bapa ndiko kulikokuponza. Katika upepo mwembamba tanga lililokazwa hivyo halisukumi. Legeza kamba kidogo tanga lipate tumbo. Omo nayo ishushe, yaani igeuze mbali kidogo na upepo. Usiung'ang'anie upepo, pata mwendo kwanza, kisha ndipo upandishe taratibu. Mimi hufunga uzi wa sufu kwenye kamba ya mlingoti, maana upepo wa namna hii shavu halihisi lakini uzi unahisi.

Halafu watu. Walikaa wapi? Nabashiri wote nyuma, karibu nawe, ndiko stori ziliko. Tezi (nyuma ya mashua) likizama linaburuta maji. Sikiliza, utasikia mbubujiko nyuma yako. Wapeleke mbele, na upande wa demani, kule tanga linakolalia. Mashua ikiinama kidogo, tanga linaning'inia kwa uzito wake na kushika umbo lenyewe. Wakishakaa, watulie. Mtu mmoja akiinuka ghafla, tanga linatikisika na upepo wote uliokusanya unamwagika. Usukani ushike kwa vidole viwili, maana kila ukiuvuta kwa nguvu unafunga breki.

Saa Nane:
Yote kweli, ila mimi nikitoka na wasio mabaharia siondoki asubuhi. Nchi kavu ikishapata joto, hewa yake inapanda na ya baharini inaingia kushika nafasi, ndiyo maana mara nyingi upepo huamka mchana. Lala, toka baadaye. Na mkiwa majini tafuteni mabaka meusi yenye vikunyanzi. Pale ndipo upepo ulipo.

Mgeni wa Matanga:
Wote walikuwa nyuma, naam. Umejuaje 😂 Je, wakati wa kurudi? Upepo utakuwa mgongoni kabisa, si ndiyo rahisi?

Mshika Usukani:
Hapo ndipo watu wanapolala. Upepo wa maili 4 ukiwa mgongoni nawe unakwenda 2, tanga linapata 2 tu zilizobaki. Linalegea, ule mti wake wa chini unabembea na kutafuta kichwa cha mtu. Usiende moja kwa moja, kata mshazari, upepo uje kwa nyuma ya ubavu. Njia inarefuka lakini tanga linajaa, na mara nyingi utawahi kufika. Ukitaka kugeuza upande, sema kwa sauti kwanza, watu wainamishe vichwa.

Mgeni wa Matanga:
Nimewasomea wenzangu. Yule wa boya ameshapewa kazi: anasema atalala omoni upande wa demani, na asiamshwe.