Nilichangia pilau, wananiletea chipsi: hawa watengenezaji wa gemu wanatuonaje?

Wakuu, ile taarifa waliyotutumia wiki hii sisi tuliochanga hela ili gemu yao itengenezwe nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimesimama. Gemu yenyewe siitaji, maana bado nadai hela yangu na sitaki kuwapa kisingizio. Mliochangia mnaijua. Mwaka 2021 nilitoa dola 45, zaidi ya laki moja ya hapa nyumbani, kwa kadi ya mtandaoni niliyoitengeneza kwenye simu siku hiyohiyo. Nilitoa kwa sababu ukurasa wao wa michango ulisema wazi: RPG ya kizamani (gemu ya kuongoza wahusika kwenye hadithi ndefu), ya kompyuta, kundi la wahusika sita, maandishi ya kutosha, njia utaitafuta mwenyewe.

Leo wanakuja na lugha ya asali kwamba "wamewasikiliza wachezaji". Kwa hiyo watu sasa ni wanne, kusevu ni kwenye moto wa kambi tu, kuna mshale wa kukuonyesha pa kwenda na hauzimiki, na kila mhusika atawekewa sauti. Halafu chini kabisa, kama mtu anayetaja deni mlangoni akiwa ameshavaa viatu: msambazaji (kampuni ya kulipia na kuuza gemu) amepatikana, gemu inakwenda PlayStation na Xbox.

Wachezaji gani hao? Mimi sikuulizwa.

Sote humu tumeshachangia harusi. Unatoa chako, unapewa kadi, single au double, unajua Jumamosi unakwenda kula pilau. Kamati ikikosa hela ya ng'ombe wa pili, mwenyekiti anasimama mapema anasema jamani, bajeti imeyumba, nyama zitakuwa ndogo. Tunanung'unika, tunakula. Ila mwenyekiti hawezi kukaa kimya mpaka Ijumaa jioni ndipo atangaze kwamba mfadhili wa ukumbi hapendi pilau, kwa hiyo ni chipsi, na bwana harusi amebadilishwa.

Kwa wageni wa haya mambo: michango hii ilianza kushika kasi mwaka 2012, na sababu ilikuwa moja. Wasambazaji wakubwa walikuwa hawataki tena gemu za namna hii. Mtengenezaji wa gemu Brian Fargo alihangaika miaka na wazo la RPG yake, Wasteland 2, bila kupata wa kumlipia. Machi 2012 akaomba dola 900,000 kwa watu wa kawaida, akapata karibu milioni 3. Septemba mwaka uleule studio ya Obsidian wakaomba milioni 1.1 kwa kitu walichokiita Project Eternity, ambacho baadaye kikawa Pillars of Eternity, wakapata karibu milioni 4 kutoka kwa watu zaidi ya 73,000. Watu wale walifungua pochi kwa sababu gemu ya kila mtu ilikuwa imejaa madukani, na ya kwao haikuwepo. Sasa wewe unachukua hela ya aliyekosa cha kwake, unakwenda kumpikia yule aliyeshiba.

Nianze na mshale, maana ndio ulionipandisha presha. Baldur's Gate, RPG ya 1998, niliicheza kama mwaka 2003, kwa CD za kuchoma za Kariakoo, kwenye kompyuta ya ofisini kwa mjomba. Mwanzoni tu mlezi wako anauawa usiku porini, na wewe umebaki na maneno yake ya mdomo: nenda nyumba ya wageni ya Friendly Arm, watafute Khalid na Jaheira. Basi. Unatembea. Ukifika, kwenye ngazi za ile nyumba yuko mchawi anakusubiri, anakuuliza jina kwa adabu zote kisha anakumaliza. Kama na wewe ni mchawi wa levo ya kwanza una pointi nne za uhai, paka akikuparua umekwisha. Tulikufa pale hata hesabu sina. Kaka yangu akaandika kwenye kaunta buku: "Mchawi ngazini. Usipande peke yako." Ile kaunta buku ipo mpaka leo kwa mama Morogoro, ina ramani za kalamu, ina majina ya watu wanaodaiwa misheni, ina madoa ya chai.

Na msiniambie "usiutazame mshale". Mshale ukishawekwa, mwandishi haandiki tena "vuka daraja, kata kushoto penye mti ulioungua", kwa sababu hakuna atakayesoma. Kwa hiyo hata wangekubali kuuweka swichi ya kuuzima, ukiuzima unabaki gizani: maelezo hayapo, hayakuandikwa. Hili huamuliwa siku ya kwanza ya kuandika mazungumzo. Pillars ilikuwa na mtindo wa wataalamu, unauchagua mwanzoni na visaidizi vyote vinaondoka, na bado maelezo ya njia yalikuwa mdomoni mwa watu na kwenye daftari la safari. Aliyetaka msaada aliupata. Sasa ugumu uko wapi?

Kusevu. Hapa naomba mtu wa Ulaya anisikilize vizuri. Umeme wa kwetu hauagi. Uko dakika ya arobaini ya pambano, umepanga kila mtu mahali pake, mganga amebakiza dawa moja, tap, giza. Kompyuta yangu ni ya mezani, haina betri ya akiba. Kwa mpango wao wa moto wa kambi nimepoteza jioni nzima, si kwa sababu nimecheza vibaya bali kwa sababu transfoma ya mtaani imechoka. Na hili lilishajadiliwa likaisha! RPG nyingine, Shadowrun Returns, ilitoka 2013 ikiwa inajisevu yenyewe tu unapohama eneo, watu wakalalamika, mwendelezo wake wa 2014, Dragonfall, ukaja na kusevu popote. Miaka yote hiyo imepita, mnarudi kuchimba shimo lililokwishafukiwa.

Hoja yao ni kwamba ukimruhusu mtu kusevu popote atarudia mpaka ashinde. Kweli, na mimi nimefanya. Kwenye Wasteland 2 kufungua kufuli ni bahati ya asilimia. Ukishindwa unarudia, ukishindwa unarudia, mpaka unajiona mpumbavu. Lakini gemu hiyohiyo ina jibu lake. Mapema kabisa redio inaita mara mbili: Highpool wanashambuliwa, na Ag Center, kituo cha kilimo, nao wanashambuliwa. Huwezi kufika kote. Ukienda kwa hawa, wale unawasikia redioni wakiomba msaada mpaka sauti zinanyamaza, na ukipita baadaye unakuta magofu. Hapo hata usevu mara mia, hakuna jibu sahihi la kulirudia. Niliziba spika kwa mkono. Ndicho tunachokitaka, uamuzi unaouma. Kumnyima mtu kitufe cha kusevu ni uvivu wa kubuni uliovikwa koti la ugumu.

Sita kuwa wanne: wamesema ni kwa ajili ya rimoti za konsoli. Wamesema wenyewe. Sina la kuongeza.

Sauti sasa. Najua nitapigwa mawe, maana kila mtu amecheza Baldur's Gate 3 na kila mtu mle anaongea. Na ndiyo, mle nako ni watu wanne, msianze. Lakini Larian, studio walioitengeneza, hawakuanzia pale. Mwaka 2013 walichangisha chini ya dola milioni moja kwa Kickstarter, tovuti ya michango, 2014 wakatoa Divinity: Original Sin, wakapanda ngazi mojamoja mpaka 2023. Nyie mnataka kujenga ghorofa kwa hela ya dirisha. Maandishi ni rahisi kubadilisha: leo mwandishi akiwaza kwamba mganga wa kienyeji asalimiwe tofauti na askari, anaandika mistari miwili, kazi imekwisha. Ukishaweka sauti, kila mstari ni mwigizaji, studio, malipo, na akishaondoka hurekebishi kitu. Matokeo yake matawi ya mazungumzo yanakatwa, unabaki na "ndiyo", "hapana" na "nieleze zaidi". Na ukubwa wa kupakua unapanda, mtu anakesha na bando la usiku kama mlinzi.

Haya, nasi wachangiaji tuna madhambi yetu, niyaseme kabla hamjayasema. Tunapiga makofi kila ahadi ya nyongeza inapotangazwa michango ikizidi lengo, leo mji wa pili, kesho handaki la ghorofa 15, bila kuuliza nani atalijenga. Kwenye Pillars waliolipa zaidi waliruhusiwa kuweka wahusika wao mjini, majina yanang'aa rangi ya dhahabu, kila mmoja na hadithi yake ndefu. Nilisoma tatu, nikaanza kuwakwepa kama wakusanya ushuru. Na RPG nyingine ya michango, Torment: Tides of Numenera, ilipata zaidi ya milioni 4 mwaka 2013, ikaahidiwa mwisho wa 2014, ikatoka Februari 2017. Januari ya mwaka huo, mwezi mmoja kabla haijatoka, ndipo ikajulikana kwamba baadhi ya wahusika wa kuandamana nao wamekatwa, na tafsiri ya Kiitaliano nayo imekatwa. Waitaliano walikuwa wameshalipa. Kukata ningesamehe, gemu zote hukatwa. Kukaa kimya ndiko kunakomuudhi mtu.

NYONGEZA: Kuna aliyeniambia "laki moja tu, kaka, sahau". Laki moja yako, nipe nisahau vizuri. Na mwingine kasema nisubiri itoke kwanza ndipo nilalamike. Ikishatoka nalalamika kwa nani?

Nimewaandikia kuomba hela irudi, wamenijibu kwa barua ileile wanayomtumia kila mtu, hata jina langu wamekosea. Kwa hiyo aliyechangia, kiwango chochote, aniandikie pembeni na namba yake ya mchango. Barua itakuwa fupi, ina mambo mawili tu: kusevu popote, na maelezo ya njia yarudi kwenye mazungumzo hata kama mshale upo. Hao wawili waliokatwa kwenye kundi nimeshawasamehe. Wasimamizi, tafadhali msiunganishe uzi huu na ule wa PlayStation.