Seva ya diski imekrashi, /var/crash tupu: dampu (nakala ya memori ya wakati wa ajali) imeenda wapi?

raki_namba3:
Wakuu, seva ya hifadhi yenye mfumo endeshi wa FreeBSD 13 na ZFS (mfumo wa mafaili), memori GB 256, swapu (sehemu ya diski ya kusaidia memori) GB 4 juu ya gmirror (kioo kinachoandika data ileile kwenye diski zote) ya diski mbili. Imepata paniki (kerneli, kiini cha mfumo, imeanguka) ikajiwasha yenyewe. `dumpdev="AUTO"` imo kwenye rc.conf, ila /var/crash ina faili la minfree tu. Puli (hifadhi ya ZFS) ina nafasi tele. Nianzie wapi?

fundi_swapu:
Mkuu, achana na puli kwanza. Kerneli iliyopata paniki haiaminiki tena kugusa ZFS, inaweza kuharibu data nzima. Kwa hiyo inamwaga memori moja kwa moja kwenye patisheni ghafi ya swapu, upande wa mwisho, ili swapu ikianza kutumika mapema isiifute. Hapo hakuna faili bado. Seva ikiwaka, programu ya savecore ndiyo husoma patisheni hiyo na kuandika kwenye /var/crash vmcore.0 (dampu yenyewe) na info.0 (maelezo yake).

Nashuku GB 4 zako. Minidampu, dampu ndogo ya kawaida, hubeba kurasa za kerneli tu, si GB 256 zote, lakini kwa seva ya ZFS hata hizo ni nyingi. Tazama logi ya konsoli kupitia IPMI (njia ya kusimamia seva ukiwa mbali). Ukikuta `Dump failed. Partition too small` (patisheni ni ndogo mno) jibu ndilo hilo. Weka `dumpon_flags="-Z"` kwenye rc.conf ibane dampu kwa zstd, kisha `service dumpon restart`, na hakikisha kwa `dumpon -l`. Bora zaidi tenga patisheni ya dampu peke yake. GB 64 si anasa kwa mashine hiyo.

kioo_mbili:
Na hiyo gmirror itakusumbua hata swapu ikitosha. Dampu huandikwa kwenye diski moja tu, ile yenye kipaumbele cha juu. Usomaji ukigawanywa kati ya diski zote mbili, savecore inaweza kusoma kwenye ile isiyo na kitu na kukwambia hakuna dampu. Tumia `gmirror configure -b prefer swap` (weka jina la gmirror yako). Kwa swapu hupotezi lolote la maana.

raki_namba3:
Konsoli inasema hivyohivyo, partition too small. Nikishapanua, najaribuje?

fundi_swapu:
Ondoa wateja wote, kisha `sysctl debug.kdb.panic=1`. Inaangusha seva kwelikweli, usiichezee mchana. Kama iko kwenye klasta (seva zinazopokeana kazi), ongeza muda wa kusubiri kabla mwenzake hajaikatia umeme, la sivyo dampu itakatika katikati. Angalia pia kwota ya /var: nafasi ikibaki chini ya kilobaiti zilizoandikwa kwenye minfree, savecore haihifadhi.

kioo_mbili:
Ukishapata vmcore, nakili /boot/kernel na /usr/lib/debug kabla ya kusasisha chochote. kgdb, programu ya kuchambua dampu, inataka kerneli ileile iliyoanguka. Na usiipandishe vmcore mahali pa wazi, ndani yake mna vipande vya data za watumiaji.