Mjadala: Mteja anataka nimuulie VSC kabisa. Fundi afanye au akatae?

Fundi umeme, Ndeeba (mtoa mada)
Jameni, habari zenu. Naleta hoja, tusitukanane. Alhamisi kijana kaniletea Toyota Mark X, ile ya V6 lita 3.5, nguvu za farasi zaidi ya 300 na zote zinasukuma tairi za nyuma. Anataka nimuulie TRC (inayozuia tairi kuzunguka bure) na VSC (inayozuia gari kuserereka) moja kwa moja. Si kwa swichi. Nichomoe fyuzi, nikate waya, nitakavyo, mradi "kompyuta isinishike mkono tena". Anasema akitoka kwenye kona ya mlima na kukanyaga mafuta, gari linakata pumzi na taa ya manjano inachezacheza.

Nikakataa. Jirani yangu wa karakana ya ng'ambo ya barabara hakukataa, na sasa ananicheka kwamba nimefukuza hela. Gari ni la kijana, barabara ni ya wote. Fundi amsikilize nani?

Msimamo wangu ni huu. Swichi aliiweka aliyetengeneza gari, itumie. Kuua kwenye fyuzi ni habari nyingine, maana VSC haina breki zake yenyewe, inaazima pampu na sensa za ABS, ule mfumo unaozuia tairi kufunga ukikanyaga breki. Ukichomoa fyuzi ile, ABS nayo imekwenda, na pamoja nayo ule mgao wa breki kati ya mbele na nyuma. Siku mtoto akikatiza barabara ukakanyaga kwa nguvu zote, tairi za nyuma zikifunga kwanza, mkia unakuja kukusalimia.

Kijana wa Ntinda
Ssebo, unaongea kama wakala wa bima. Wazee wetu walizunguka nchi hii kwa Peugeot 504 bila VSC wala ABS. Kompyuta inalea madereva wavivu. Mimi kulirudisha gari linaloserereka nilijifunzia Busika, kwenye uwanja wa mbio, vyote vimezimwa. Na kwenye matope je? Niliwahi kunasa njia ya kijijini, kila nikikanyaga TRC inakata nguvu, gari limekaa kama ng'ombe aliyegoma. Nilipozima, tairi zikazunguka, zikachimba mpaka zikakuta ardhi ngumu, nikatoka. Mnataka sheria ininyime hiyo?

Dereva wa lori, Busia–Kampala
Hao wa 504 wengine tuliwazika, mwanangu.

Mwaka jana kwenye msitu wa Mabira, mvua ndiyo kwanza imekatika, Subaru ikanipita. Mimi niko juu, naona kila kitu. Tairi zake za kushoto zikagusa maji ya kando ya lami, pua ikavutwa kushoto. Akageuza usukani kulia, akazidisha. Hapo mkia ukaanza: kushoto, kulia, kushoto tena, kila mkupuo mkubwa kuliko uliotangulia. Likaingia mtaroni likiwa limegeuka linatazama Jinja lilikotoka. Walitoka wote wawili wakitembea, namshukuru Mungu. Nilipoteremka kuwasaidia, mwenye gari aliniambia mwenyewe alikuwa ameizima VSC ili gari "liwe huru". Nyuma yangu kulikuwa na taksi imejaa watu. Huo uhuru wake ungewapata hao.

Mhandisi, Mbarara
Mnachanganya vitu viwili. TRC inazuia tairi kuzunguka bure unapokanyaga mafuta. Kijana wa Ntinda kwenye matope ana haki, na ndiyo maana swichi ipo. Kwenye Toyota nyingi ukibonyeza mara moja unazima TRC tu. Ukitaka na VSC izime, simamisha gari, shikilia swichi kama sekunde 3. Aliyeipanga hivyo hakukosea: alitaka uwe umesimama na uwe umekusudia.

VSC ni kitu kingine. Inalinganisha usukani ulikoelekezwa na gari linakokwenda kweli. Vikitofautiana, inafunga breki ya tairi moja, ile inayotakiwa, na kupunguza nguvu ya injini. Hata uwe bingwa wa Busika, wewe una pedali moja kwa tairi nne. Mercedes-Benz ilianza kuuza teknolojia hii mwaka 1995. Mwaka 1997 A-Class yao mpya ikapinduka kwenye jaribio la kukwepa kizuizi kule Sweden, wakaamua kuiweka kwenye kila A-Class. Marekani imeilazimisha kwa magari mapya madogo kuanzia toleo la 2012, Ulaya magari yote mapya tangu Novemba 2014. Sisi tunanunua yaliyotumika Japani, nyingi zinakuja nayo tayari, kisha tunalipa fundi aitoe!

Fundi, nikuulize. Tairi za yule kijana uliziangalia?

Fundi umeme, Ndeeba
Umenikamata. Niliziangalia lakini sikuunganisha. Nyuma kaweka tairi fupi kuliko za mbele, tena zina upara, nyuzi zinakaribia kuonekana.

Mhandisi, Mbarara
Basi ugonjwa ndio huo. Tairi fupi inazunguka mara nyingi zaidi kwa kila kilomita. Sensa zinaona nyuma kunakimbia kuliko mbele, kompyuta inaamini tairi zinateleza, inakata nguvu. Na kwa upara ule, mara nyingine zinateleza kweli. Ameua mlinzi kwa kuwa alipiga kelele.

Kijana wa Ntinda
Hiyo ya tairi nakubali, sikuijua. Fyuzi pia nawaachia. Lakini mkileta sheria ya kuondoa swichi nitaandamana. Na Busika nitaendelea kuzima vyote.

Fundi umeme, Ndeeba
Busika zima, huko unajimwaga mwenyewe. Kijana nimempigia mara mbili kuhusu tairi, hapokei. Jirani naye ameniambia nisimharibie mteja.

Mama wa Harrier, Entebbe
Samahani kuingilia wanaume. Yangu taa ya VSC imejiwasha yenyewe pamoja na ile ya injini, na sijagusa swichi yoyote. Ni hatari?

Fundi umeme, Ndeeba
Mama, kwenye Toyota mara nyingi hitilafu iko kwenye injini, kompyuta ikaamua kuizima VSC yenyewe. Endesha polepole, hasa mvua ikinyesha. Njoo Jumatatu kabla ya saa nne asubuhi, nitaichomekea mashine tusome kodi za hitilafu. Usimruhusu mtu achomoe betri kufuta taa kabla sijaisoma.