Dishi la wavu la futi 6 na madishi ya ving'amuzi vya zamani: namna ya kunasa chaneli za bure huku Mtwara

Mdau_Mikindani aliandika:

Wakuu, habari za jioni. Nina dishi la wavu la futi 6 lililokaa uani miaka mingi bila kazi, na madishi mawili madogo ya ving'amuzi vya kulipia ambavyo havilipiwi tena. Ninachotaka ni chaneli za bure tu, bila kadi wala kifurushi. Nimenunua risiva ndogo isiyo ya kampuni yoyote ya ving'amuzi, nikaiunganisha na lile dishi kubwa, LNB yake (kile kichwa kinachopokea mawimbi mbele ya dishi) ni ile ile ya zamani. Nimelielekeza mashariki. Nguvu inasoma 78, ubora 0, nizungushe nisizungushe.

Tatizo ni LNB, dishi au risiva? Na hayo madogo yana kazi gani? Naomba vipimo, si maneno ya "zungusha taratibu utaipata".

Fundi_Nguzo alijibu:

Mkuu, hiyo 78 usiifuate. Inakwambia tu kwamba waya haujakatika na LNB inapata umeme. Hata ukiielekeza LNB ukutani itasoma karibu hapo hapo. Chaneli inakuja kwa ubora.

Kabla ya kutafuta satelaiti, pima dishi lenyewe. Vuta nyuzi mbili za nailoni ukingo kwa ukingo, zikatane katikati kama msalaba. Pale zinapokutana zinatakiwa zigusane bila kusukumana. Kisha ule wa chini upitishe juu, uangalie tena. Zikiachana kwa sentimita 2, dishi limejikunja, na hakuna LNB itakayokuokoa. Legeza bolti za mbavu zote, lilaze juu ya sakafu iliyo sawa, kaza upya kwa kuvuka upande hadi upande, usizunguke duara. Madishi mengi yaliyokaa uani yanapinda pale yalipoegemezwa ukutani au kwenye mwembe.

Wavu wenye matundu ya milimita 5 au 6 unafaa kwa C-band, yaani masafa ya madishi makubwa, kwa sababu wimbi lake lina urefu wa sentimita 7.5 hivi. Palipochanika shona kwa wavu wa alumini. Ule wa plastiki wa dirishani usiutumie, mawimbi yanapita kama hakuna kitu.

Sasa LNB ikae wapi? Uzi mmoja uache umevutwa ukingo kwa ukingo, pima kutoka kwenye uzi hadi katikati ya dishi. Hicho ndicho kina. Chukua upana, uzidishe kwa wenyewe, gawanya kwa kina mara 16. Dishi la sentimita 180 lenye kina cha 28: 32,400 gawanya kwa 448, unapata 72. Basi mdomo wa LNB ukae sentimita 72 kutoka katikati ya dishi, na uwe umbali sawa kutoka pande zote nne za ukingo. Ukigawanya 72 kwa 180 unapata 0.4. Ubavuni mwa LNB za C-band kuna alama za 0.36, 0.38, 0.40 na kuendelea. Lile sahani lenye pete lisogeze hadi alama ya 0.40. Watu wengi wanaliacha popote lilipo, halafu wanalaumu dishi.

Nguzo iwe bomba la inchi 3, wima kabisa kwa pima maji pande mbili. Nguzo ikilala kidogo tu, kila ukizungusha dishi kushoto au kulia, mwinuko nao unabadilika na hutajua unatafuta wapi. Huko Mikindani kwenye mchanga chimba sentimita 75, upana 50 kwa 50. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) ni kama mfuko mmoja na robo wa saruji. Chomelea kipande cha nondo mkingamo chini ya bomba, la sivyo upepo wa kusi utaizungusha nguzo ndani ya zege.

Mwelekeo: anza na 68.5 mashariki (digrii za longitudo satelaiti ilipokaa juu ya ikweta), ilipo Intelsat 20 iliyorushwa 2012. Kutoka Mtwara mjini ni digrii 72 za dira ukihesabu kutoka kaskazini, mwinuko 55. Kwa hiyo si mashariki kamili, ni mashariki ikivutwa kidogo kaskazini. Weka simu yenye programu ya kupima mlalo nyuma ya dishi, kwenye kile kibati bapa cha katikati: uso wa dishi ukiangalia juu moja kwa moja isome 0, ukifika 35 basi mwinuko ni 55. Ya dira usome ukiwa hatua tano mbali na dishi, chuma kinaivuta.

Kama dishi lilikuwa likiangalia 60 mashariki, hapo usirudi. Intelsat 33e iliyokuwepo ilivunjika angani Oktoba 2024.

Ligula_Mawimbi alijibu:

Naongezea upande wa risiva. Kwenye menyu ya LNB weka 5150 kwa ile ya C-band (ni masafa ya ndani ya LNB, kwa megahezi). Risiva nyingi zinatoka zimewekwa 9750/10600, ambayo ni ya Ku, masafa ya madishi madogo, na hapo ubora utabaki 0 hata dishi likiwa limelenga sawasawa. Mkuu, kagua hili kwanza, ni la dakika moja.

Risiva iwe inasoma DVB-S2 na H.264, mifumo mipya ya kurusha na kubana picha. Zile za zamani za DVB-S na MPEG-2 zinawaka vizuri tu, ila chaneli nyingi za leo hazizioni kabisa. King'amuzi cha kulipia usihangaike nacho, kimefungwa kwa masafa na kadi za kampuni yake. Ila waya, nguzo, dishi na LNB havijui kampuni. Hivyo ni mali yako, vitumie.

Orodha ya masafa ichukue kwenye tovuti ya LyngSat siku hiyo hiyo unayofunga, kwa sababu yanahama. Angalia mambo manne: masafa, simbo reti (kasi ya data, ikiwa kubwa wimbi ni pana), polaraiti (wimbi limesimama wima, V, au limelala mlalo, H), na bimu (eneo la dunia ambalo satelaiti inalilenga). Iliyoandikwa bimu ya Asia mashariki isikupotezee muda. Na iliyo na jina la mfumo wa kufungia pembeni yake, hiyo si ya bure. Wanaouza namba za kufungulia chaneli zilizofungwa waache kabisa. Namba zinabadilishwa na pesa hairudi.

Madogo: pima upana na urefu. Upana 80 na urefu 88 maana yake limetengenezwa kupokea kwa pembe, kama digrii 25 (upana gawanya kwa urefu, tafuta kosaini yake kinyume). Ndiyo maana linaonekana limesimama wakati linaangalia juu. LNB zake nyingi ni 9750/10600. Kutoka Mtwara, 7 mashariki iko dira 285, mwinuko 50. Ile 36 mashariki iko dira 338, mwinuko 77, karibu utosini. Sehemu kubwa ya kilichopo huko ni cha kulipia, ila skani ya "bure tu" inatoa chache za dini na habari. Usitegemee nyingi.

Je, LNB ya C-band inaweza kufungwa kwenye dishi la 80? Inafungika, na mawimbi yenye nguvu sana yanaweza kushika. Lakini dishi hilo linakusanya mara tano pungufu ya lako la 180, na jicho lake kwa C-band lina upana wa digrii 6 na zaidi, linameza satelaiti mbili tatu kwa mpigo. Hata lako la 180 lina jicho la karibu digrii 3, na pale jirani kwenye 66 kuna Intelsat 17. Ukiweza kupata la futi 8, chukua.

Na kama lengo ni chaneli za nyumbani tu, ukiwa mjini jaribu kwanza antena ya juu ya paa na king'amuzi cha antena. Dishi ni kwa ajili ya yasiyofika kwa mnara.

Mdau_Mikindani aliandika:

Asanteni sana wakuu. Nyuzi zilikuwa zinaachana sentimita 1.5, nimekaza upya, sasa zinagusana. Kina ni 28 kweli, LNB ilikuwa sentimita 65, nimeitoa hadi 72. LNB nimeweka 5150. Dira 72, mwinuko 55. Ubora umefika 12, unaruka ruka na kurudi 0. Chaneli hakuna.

Fundi_Nguzo alijibu:

Umefika mlangoni. Sasa zungusha LNB yenyewe, si dishi.

Hapa ndipo watu wa huku kusini wanapokwama kwa kufuata maelekezo ya Ulaya. Wao wanazungusha LNB digrii chache tu, wakati sisi tupo karibu na ikweta na satelaiti iliyo mbali upande wa mashariki tunaiona ikiwa imelala ubavu. Kwa 68.5 kutoka Mtwara ni karibu digrii 69. Simama nyuma ya dishi, uso wako uangalie iliko satelaiti, zungusha LNB kama akrabu ya saa kutoka alama ya 0 iliyo wima. Kwa 7 mashariki ni 72, kinyume cha saa. Kwa 36 ni 22 tu, kinyume cha saa pia. Ukiacha LNB kwenye 0, mawimbi ya wima na ya mlalo yanaingia pamoja na kuvurugana, ndiyo hiyo 12 inayoruka.

Ikishika, sogeza dishi milimita chache kushoto, kulia, juu, chini, kila mara ukiipa risiva sekunde tatu isome. Malizia kwa kusogeza LNB nusu sentimita ndani na nje.

Kuna satelaiti nyingine zinazorusha kwa mzunguko, kwenye orodha zimeandikwa L na R badala ya H na V. Hizo kuzungusha LNB hakusaidii. Zinataka kipande cha tefloni ndani ya mdomo wa LNB, kikae digrii 45 kutoka kwenye vile vijiti viwili vya kupokea vilivyo ndani yake. Kwa za H na V kitoe, kinakula nusu ya mawimbi.

Mitwero_Lindi alijibu:

Kwa kuwa upo Mikindani, nakuomba usipuuze chumvi. Menya waya pale unapoingia kwenye LNB. Shaba ikiwa nyeusi au ya kijani, kata sentimita 30, menya tena, endelea hadi ing'ae. Tumia waya wa dishi wa RG6, na uzi wa suka usiguse shaba ya katikati, maana risiva itaandika shoti. Konekta ifunge kwa tepu inayojivuta, silikoni juu yake, na waya uache kitanzi kinachoning'inia chini ya LNB ili maji yadondoke hapo badala ya kuufuata waya hadi ndani. Bolti zipake grisi, si mafuta ya kupikia.

Pima kwa mita mwisho wa waya, pale unapoingia LNB, LNB ikiwa imeunganishwa: volti 13 kwa wima, 18 kwa mlalo. Ikisoma 18 kwa risiva na 14 juu ya nguzo, waya umeoza katikati. Chaneli za wima zitaonekana na za mlalo hazitakuja kamwe, utadhani satelaiti ina tatizo. Na zima risiva kila unapochomeka au kuchomoa.

Mdau_Mikindani aliandika:

Ubora 64! Kuzungusha LNB ndiko kulikokuwa kumebaki. Chaneli zimeingia, safi kabisa usiku. Sasa kuna tatu ambazo mchana saa 7 hadi saa 10 zinapotea, jua likizama zinarudi. Nyingine hazitikisiki. Je, ni jua linaingia kwenye dishi?

Ligula_Mawimbi alijibu:

Hapana. Jua likipita nyuma ya satelaiti linafuta chaneli zote kwa dakika chache, siku chache tu za mwaka. Kwako itakuwa karibu na 25 Machi na 18 Septemba, saa 4 asubuhi au dakika kumi na kitu baadaye. Siku hizo toka nje uangalie: dishi likiwa limelenga sawa, kivuli cha LNB kinaangukia katikati kabisa ya wavu. Ni kipimo kizuri kuliko dira yoyote, weka alama.

Hizo tatu zako angalia simbo reti yake. Nina hakika ni ndogo, 1,500 au 3,000, wakati zinazobaki ni 20,000 na zaidi. LNB ya zamani ikipata joto masafa yake ya ndani yanahama megahezi 2 hadi 3. Wimbi pana halijali, jembamba linatoka nje ya dirisha la risiva. Saa 8 mchana zikiwa zimepotea, ingia kwenye menyu ubadilishe 5150 iwe 5148, skani hizo tatu. Zisipokuja weka 5152. Ikifanya kazi mchana itagoma usiku, kwa hiyo hiyo ni njia ya kuthibitisha ugonjwa tu. Dawa ni LNB ya C-band ya PLL, isiyohama kwa joto. Ukinunua, chukua yenye kichujio cha 3.7 hadi 4.2 GHz, maana mnara wa 5G wa masafa ya 3.5 ukisimama jirani utaziba LNB ya kawaida. Ila angalia kwanza orodha yako: chaneli iliyo chini ya 3,700 itakatwa na kichujio hicho.