Kupiga picha za siku nzima ya kindi katika msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya

Mkaazi wa Watamu:
Salaam, wanajukwaa. Kwa mwezi mzima nimekuwa nikiingia msituni kila Jumamosi kumfuatilia kindi mwenye tumbo jekundu, anayeishi katika tundu la mbambakofi mmoja uliozeeka. Nia yangu ni kuonyesha siku yake tangu anapotoka tunduni hadi anaporudi, lakini picha zangu zote zinafanana: ama amekaa anatafuna, ama ni mkia unaopotelea nyuma ya shina. Natumia lenzi ya milimita 300. Je, nimwekee karanga ili asogee karibu?

Mtembeaji wa msitu:
Ndugu yangu, nakusihi usimwekee. Kima wa magofu ya Gede, ambao ni majirani wa msitu huo, wamezoeshwa ndizi na wageni, na anayewapiga picha leo anapata mnyama anayemsubiri binadamu. Kindi huyu huokota mbegu, huibeba mdomoni, hushuka chini na kuifukia ardhini kuwa akiba. Hiyo ndiyo picha unayoikosa, na karanga zitakuharibia.

Acha pia kumfuata. Fika kabla ya saa kumi na mbili alfajiri, keti hatua kumi na tano kutoka kwenye mti wake, uegemee shina ili umbo lako lisionekane wazi, kisha utulie. Akitikisa mkia na kutoa milio mfululizo, anakukemea. Usiinue kamera mpaka anyamaze na kurudia shughuli zake. Asubuhi na alasiri ndipo anapohangaika zaidi. Jua likiwa kali hujilaza juu ya tawi, na picha hiyo ya mapumziko nayo ni sehemu ya siku yake, ingawa wengi wetu huwa tumeshaondoka.

Mpenda lenzi:
Naongeza la mwanga. Chini ya miti mwanga huanguka kwa madoadoa, hivyo asubuhi yenye mawingu ni bora kuliko ya jua kali. Kasi ya shata (muda kamera inaopokea mwanga) ya 1/1000 ya sekunde humgandisha pichani akiruka, hata kama italazimu kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 3200. Chengachenga kidogo kwenye picha zinavumilika kuliko jicho lisilotulia. Akiwa juu na mbingu nyuma yake, ongeza mwanga wa picha kwa hatua moja kwenye mipangilio ya kamera, la sivyo wekundu wa tumbo utageuka kivuli. Zima flashi na mlio wa kamera.

Mkaazi wa Watamu:
Nawashukuru sana. Jumamosi hii niliketi kama nilivyoelekezwa, akanikemea karibu nusu saa. Ilipokaribia saa mbili alishuka na mbegu mdomoni, akachimba kwa miguu ya mbele, akafukia, kisha akasawazisha majani juu yake. Nilipata picha nne, na moja imetulia kabisa: pua ina udongo. Wiki ijayo nitabaki hadi jioni nimsubiri anaporudi tunduni.