Kununua nyumba Fernwood, Topanga: kufyeka vichaka kunatosha?

Swali
Ndugu zangu, salaam. Mimi na mume wangu tunataka kununua nyumba ndogo mtaa wa Fernwood, ndani ya korongo la Topanga katika milima ya Santa Monica, California. Vijia ni vyembamba na wenyeji bado wanausimulia moto wa Novemba 1993. Muuzaji anasema amefyeka mita 30 kuizunguka nyumba. Je, hiyo ni kinga ya kutosha?

Jibu la kwanza
Dada, mita 30 ndizo zinazotakiwa na sheria ya California, lakini nyumba nyingi huteketezwa na cheche, wala si miali inayopanda mteremko. Upepo wa Santa Ana hutoka jangwani ukiwa mkavu, hupenya makorongoni kuelekea baharini, na hurusha vijinga mbali mbele ya moto wenyewe. Kwa hiyo panda ngazi uchungulie mifereji ya paa: ukikuta majani makavu ya mwaloni yamelala humo, ujue kinga haijakamilika hata kidogo. Kisha inama utazame matundu ya hewa chini ya sakafu, kwa sababu wavu wenye macho yanayozidi milimita 3 hupitisha cheche, na nyumba huanza kuungua kwa ndani huku kuta zikiwa nzima. Mita moja na nusu ya kwanza kutoka ukutani mimi ningeimwagia changarawe tupu, pasiwe na ua wala kuni.

Jibu la pili
Nakubaliana, ila kinachoninyima usingizi ni barabara. Magari yote ya Fernwood hatimaye huingia barabara namba 27, inayoteremka hadi pwani au kupanda kuelekea bonde la San Fernando. Moto wa Palisades ulipozuka tarehe 7 Januari 2025, watu huko Palisades, mtaa wa Los Angeles ulio jirani na Topanga, walikwama kwenye foleni, wakayaacha magari na kukimbia kwa miguu, hata ikabidi tingatinga liyasukume kando. Tafadhali msingoje amri ya kuhama. Upepo ukitangazwa, ondokeni.

Jibu la tatu
Tafuteni bima kabla ya kutia saini. Kampuni yangu ilikataa kuniongezea mkataba, nikaishia FAIR Plan, mpango ulioanzishwa 1968 kwa wanaokataliwa kwingine. Unafidia hasara ya moto, lakini wizi haumo.

Muulizaji
Nawashukuru sana. Jumamosi tunarudi kwa muuzaji na ngazi, tochi na rula.